Kigoda cha Babu Kwenye Mlango wa Maji

Jumanne ya wiki ya pili baada ya Pasaka mwaka huu tulimzika dada yangu Tupoke, pale Ikolo, nyuma ya migomba yake. Kaburi lilijaa maji kabla hatujamshusha. Ninyi mliokulia huku bondeni mnajua: mwezi wa nne ukichimba hata kufika kiunoni tu, unayakuta. Vijana waliyachota kwa ndoo, yakarudi, wakayachota tena, mwishowe wakakata vigogo vya migomba wakavitandika chini ili jeneza lisilale majini. Mimi nilikuwa nimesimama karibu. Utomvu wa mgomba uliokatwa ukichanganyika na tope una harufu yake, kali kidogo, kama chuma kilicholowa. Watu waliimba, mimi nikashindwa kuimba. Si kwa ajili ya machozi. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo nimeibeba miaka mingi kuliko umri wa wale vijana waliokuwa wakichota maji.

Tulipokuwa watoto, wakati wa Wajerumani, kijiji chetu kilikuwa na mfereji. Waliuchimba babu zetu kutoka kwenye mto mdogo unaomwaga maji yake katika mto Kiwira, ukapita katikati ya majaruba ya mpunga, moja baada ya jingine, ukaishia kwenye bwawa lililozungukwa na matete. Mtu hakuruhusiwa kukata matete yale wala kuvua mle, kwa sababu kiangazi ng'ombe wote walikunywa hapo. Kule juu, mfereji unapoachana na mto, palikuwa na mlango wa maji. Haukuwa mlango wa mbao. Zilikuwa nguzo zilizopigiliwa chini, na kati ya nguzo wanaume walilaza vigogo vya migomba na kuvishindilia udongo wa mfinyanzi. Jua likikaza katikati ya msimu, waliufungua. Kabla ya mvua kubwa za Machi, waliufunga. Usipofungwa, mto wote unageuka unakujia nyumbani.

Tata, baba yangu, ndiye aliyekuwa mwenye mfereji. Hakuwa mkubwa wa mtu yeyote, ila neno lake kuhusu maji lilisikilizwa. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba aliye mkiani, karibu na bwawa, ndiye anayepata maji kwanza. Kisha anayemfuata juu yake, hivyo hivyo mpaka kufika kwenye mlango. Kwa kuwa maji yalipaswa kupita shamba lako yakiwa bado si yako, kila mtu alisafisha kipande chake cha mfereji haraka, ili zamu yake ifike. Tata alipima zamu kwa mguu wangu. Alinisimamisha ndani ya jaruba, na maji yakifika kwenye kifundo anasema, "Tosha. Hamishieni kwa mwenzake." Mimi niliamini kwamba maji yenyewe yanafahamu mguu wangu. Niliamini pia kwamba yanakwenda mkiani kwanza kwa kumwonea huruma Bibi Anyosisye, mjane, aliyelima jaruba la mwisho peke yake.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo vijana hawalijui tena. Zamani wanaume wa rika moja walijenga kijiji chao, na baba zao wakabaki kwao. Sababu mojawapo ni kwamba mke hakuruhusiwa kumkaribia baba mkwe wake. Si kumwangalia, si kutaja jina lake, si kupita njia anayopita. Akimwona kwa mbali anaingia porini, anachuchumaa, anajifunika uso mpaka apite. Na baba mkwe si yule mmoja tu, ni ndugu zake wote na wazee wa rika lake. Mwalimu wa misheni alikuwa ameanza kuwaambia akina mama kwamba hakuna dhambi kusalimiana na mkwe. Mama alimsikiliza kwa adabu, na tulipokuwa njiani kurudi alisema, "Mwalimu hajaolewa huku kwetu."

Mlango wa maji ulikuwa chini ya kijiji cha wazee. Ndiyo maana akina mama hawakufika pale, na ndiyo maana kuufunga na kuufungua ilikuwa kazi ya wanaume. Hapakuwa na mwiko mwingine wowote. Hilo nililijua nikiwa mtu mzima.

Katika kijiji kile cha wazee aliishi Babu Kasyupa, mdogo wake babu yangu mzaa baba. Sisi wajukuu tulikuwa huru naye. Tulimtania, naye alituita wake zake. Kila asubuhi nilimpelekea ndizi alizopika Mama, kwa sababu Mama mwenyewe hakuweza kumpelekea. Babu alikuwa na migono, ile mitego ya kusuka ya samaki, ambayo aliitega ndani ya mlango ukiwa wazi. Kambare waliingia wenyewe. Tata alikuwa amemruhusu miwili. Mara nyingi nilihesabu mitano.

Halafu vita vikaja, vile vya Wajerumani na Waingereza waliokuwa ng'ambo ya mto Songwe. Askari walipita na jumbe, wakachukua wanaume wa kubeba mizigo. Walichukua karibu kijiji kizima cha akina baba ndani ya siku mbili. Ilikuwa katikati ya msimu, jua limekaza, mlango uko wazi. Tata alipoambiwa afunge blanketi lake, aliomba kwanza aende mlangoni. Nilimfuata, na Tupoke alitufuata. Wazee walikuwa wamekaa pale wakitazama. Tata aliwasalimia wote, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama mtu, "Mlango huu asiuchezee mtu mpaka nirudi."

Watu wazima wote walijua anasemwa nani. Alimaanisha Babu asiongeze migono wala asipanue mdomo wa mfereji kwa faida ya samaki. Hakutaja jina kwa sababu mtoto hamwaibishi baba yake mbele ya wenzake. Mimi sikuwa mtu mzima. Meno yangu ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameng'oka. Nilisikia "mlango", nikasikia "mpaka nirudi", nikaviunganisha mwenyewe: mlango ukiguswa, Tata harudi. Sikumuuliza mtu. Nililiweka moyoni kama siri kati yangu na yeye.

Wiki zilipita. Mawingu yakaanza kulala juu ya milima ya upande wa Ikombe, na mto ukabadilika rangi. Tupoke, ambaye nadhani alikuwa na miaka kumi na minne, alikuwa akimpelekea Tata chakula mlangoni tangu utoto, na aliijua kazi yote. Alimwambia Mama, "Tukikaa siku tano bila kufunga, tutalala juu ya paa."

Walikwenda kwa jumbe. Nilikuwa nimebebwa na Mama mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa kwa kubebwa, kwa hiyo nilisikia. Jumbe alikuwa akisimamia mizigo ya mchele inayopelekwa kwa askari.

"Kufunga mlango ni kazi ya wanaume," alisema. "Subirini wanaume."

"Wanaume wako wapi?" Tupoke aliuliza.

"Wako kazini."

"Watarudi lini?"

"Kazi ikiisha."

"Na maji, mzee, tuyaambie nayo yasubiri?"

"Mama wa huyu," jumbe alimwambia Mama, "binti yako ana ulimi." Akageukia mizigo yake.

Walituma neno kwa wazee pia. Neno lilipelekwa na mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikipita kati ya Mama na Babu. Nilisema, "Mama anasema mlango ufungwe." Babu alinijibu, "Mwambie mama yako, mwanangu alisema asiuchezee mtu. Au amesahau sauti ya mumewe?" Wazee wengine walitikisa vichwa. Mgongo uliwauma, baridi ilikuwa imeingia, na Babu alikuwa akiwagawia kambare. Nilirudi nikiwa na furaha. Nilidhani Babu naye anaijua siri yangu na anamlinda Tata.

Basi Tupoke akapanga. Akina mama wangekata migomba alasiri na kuiburuta mpaka kwenye kona ya matete, mahali wazee hawaoni. Alfajiri, wazee wakiwa bado wanaota moto ndani, wangetoka wote kwa pamoja, watu ishirini, walaze vigogo, washindilie udongo, na kabla ya jua kuwa kali wawe wamerudi. Mikono arobaini inatosha, alisema. Mikono miwili haitoshi. Aliniambia nikae nyumbani na mdogo wetu na nisimpelekee Babu ndizi mpaka yeye atakaporudi kuniambia.

Nililala nikiwa na hofu. Asubuhi nilimwacha mdogo wetu kwa Bibi Anyosisye, nikachukua ndizi, nikaenda.

"Ugonile, mke wangu," Babu alisema. "Leo umewahi. Mama yako amepika saa ngapi?"

"Hajapika, Babu. Ni za jana."

"Yuko wapi?"

Ningependa kuandika kwamba alinitisha. Hakunitisha. Aliuliza kwa upole, na alikuwa akigeuza samaki juu ya moto. Nilimwambia kila kitu: vigogo, kona ya matete, akina mama wote, na Tupoke. Alinipa samaki mmoja, mkubwa, kwenye jani la mgomba. Kisha akasimama akatafuta fimbo yake. "Nishikie kigoda," alisema. Nikambebea kigoda. Njia ilikuwa inateleza, naye alitembea polepole sana. Ningeweza kukimbia mbele kuwaonya. Sikufanya hivyo. Nilitembea kwa mwendo wake.

Tulipofika, vigogo vitatu vilikuwa vimeshalazwa. Akina mama walikuwa kwenye maji mpaka mapajani, wamejifunga nguo viunoni, wanapokezana madonge ya udongo, na mmoja alikuwa akicheka jambo. Babu alikohoa mara moja tu. Mama ndiye aliyegeuka wa kwanza. Sikuwahi kuona watu ishirini wakiondoka haraka namna ile. Waliacha madonge yakaanguka, waliacha nguo ya mtu ikielea, wakaingia kwenye matete na kuchuchumaa wakiwa wamejifunika nyuso. Babu aliniambia niweke kigoda pale pale ukingoni, kati ya nguzo na kona ya matete. Akakaa.

Tupoke alibaki majini peke yake. Yeye alikuwa mjukuu, hakuwa na sababu ya kukimbia.

"Babu," alisema, "umelalaje?"

"Vizuri, mke wangu. Na wewe?"

"Ondoka hapo kidogo. Nenda ukaote moto."

"Nimekaa tu. Nimemzuia nani?"

"Umewazuia wakamwana wako."

"Nimewagusa? Nimewasemesha? Mzee anakaa karibu na maji, basi."

"Unalinda migono."

"Ninalinda neno la baba yako." Akacheka kidogo. "Endelea na kazi, mke wangu. Una nguvu kama ng'ombe. Ningekuwa kijana ningekutolea mahari leo hii."

"Ungekuwa kijana ungekuwa umebeba mizigo ya Wajerumani," Tupoke alisema, na kwenye matete mtu alijikaza asicheke.

Aliendelea. Aliburuta kigogo peke yake, akakilaza, na alipogeuka kuchukua udongo maji yalikibeba. Akakifuata, akakirudisha. Alishindilia udongo kwa miguu, ukayeyuka kabla hajaleta mwingine. Alifanya hivyo mpaka jua likawa juu ya vichwa vyetu. Babu alimtolea ushauri. "Kilaze upande, kilaze upande." Ushauri wenyewe ulikuwa mzuri, hilo ndilo lililoniudhi nilipokuja kulielewa. Aliijua kazi. Mara moja Tupoke aling'oa mgono akautupa ukingoni, na Babu akaniambia niulete, nikauleta.

Mwishowe dada yangu alisimama akihema, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ndiye uliyemwambia?"

"Ndiyo."

"Sawa. Sasa chukua kigoda, mshike mkono, mwambie una njaa, mwambie chochote. Mpeleke kwake. Wewe atakusikiliza."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mlango ukiguswa Tata hatarudi."

"Nani amekuambia?"

"Tata mwenyewe. Hapa hapa."

Alikaa chini kwenye maji, yakamfika kifuani. Sikujua kama anacheka au analia, na mpaka leo sijui. Alijaribu kunieleza, haraka haraka, kwamba Tata alikuwa anasema kuhusu migono, kwamba yeye mwenyewe kila mwaka huufunga, kwamba mlango ni vigogo na udongo tu. Nikamgeukia Babu. "Babu, Tata hakusema asiuguse mtu?"

Babu alitazama maji. "Alisema asiuchezee mtu," alijibu.

Hakusema uongo. Nami nikakaa chini kando ya kigoda chake nikala samaki wangu. Akina mama walikaa kwenye matete, wamekunja miguu ndani ya maji, na tulikuwa tukisikia wakikohoa. Mmoja mmoja walirudi nyumbani wakipitia nyuma. Mama alikuwa wa mwisho.

Siku iliyofuata Babu alirudi asubuhi na mapema, kigoda akakibeba mwenyewe. Kabla ya saa sita tulisikia mto. Wazee wawili walimkimbilia wakamshika kwapani wakampandisha kwao, na kigoda na migono na zile nguzo za babu zetu vilikwenda pamoja. Maji hayakufuata zamu. Yalianza juu, yakachukua jaruba la kwanza, la pili, yote, yakafika kwa Bibi Anyosisye mwisho kabisa, na kwake ndiko yalikoacha mchanga mwingi zaidi. Mchanga mweupe, safi, uliofika magotini. Mpunga ulikuwa chini yake. Bwawa lilijaa mchanga na likawa uwanja. Nyumba yetu ilisimama kwa sababu ilikuwa kwenye mwinuko. Tano zilianguka.

Mwaka ule tulikula ndizi changa, kisha tukala maboga ya watu wengine. Kiangazi ng'ombe hawakuwa na pa kunywa, na walipopelekwa mtoni walikanyaga kingo mpaka zikabomoka, na hapo napo pakaanza kuharibika. Bibi Anyosisye alipanda mtumbwi akaenda Ikombe, kwa ndugu zake wanaofinyanga vyungu, na hakurudi. Ninaposikia watu wa leo wakigombania maji, kila mmoja ameshika neno lililosemwa na mtu asiyekuwepo, nanyamaza, kwa sababu nami nilishika neno la namna hiyo.

Babu hakulaumiwa na mtu. Nani angemlaumu? Walioumia hawakuruhusiwa kumsemesha, na walioruhusiwa walikuwa wamekula kambare wake. Mama aliendelea kumpikia, nami niliendelea kumpelekea, mpaka alipofariki akiwa mzee sana, akiniita mke wake.

Tata alirudi kiangazi hicho hicho, mwembamba, mguu mmoja umevimba. Alirudi ingawa mlango ulikuwa umeguswa na kung'olewa na kupelekwa na maji. Hapo ndipo siri yangu ilipovunjika ndani yangu, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Alikwenda kutazama mahali penyewe, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikaa mlangoni pa nyumba, Mama akamwekea maji ya kukanda mguu, na Tupoke akamsimulia yote, vigogo, kona ya matete, kigoda. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo ya nyumba.

"Alijuaje kwamba mko pale?" Tata aliuliza. "Kasyupa hatoki kitandani kabla ya jua."

"Alisikia vicheko," Tupoke alisema.

Mama alikuwa anajua. Hakuinua kichwa.

Tata alifikiri. "Ulikosea jambo moja," alimwambia. "Ungemtuma mdogo wako akae naye asubuhi ile. Anampenda huyu mtoto. Angemshikilia kwa maneno mpaka mmalize."

Ningeweza kusema wakati ule. Ningeweza kusema siku yoyote katika miaka iliyofuata, maana Tata aliishi mpaka nikazaa, na kila palipotajwa mfereji alirudia kwamba Tupoke alikuwa hodari lakini hakufikiria jambo moja. Sikusema. Naandika sasa, wakati hakuna hata mmoja wao wa kunisikia.

"Kweli, Tata," Tupoke alisema. "Sikufikiria."

Alichukua mtungi wake, akanipa mtungi wangu mdogo niubebe, akaniambia tuondoke mapema, kwa kuwa siku hizo maji yalikuwa mbali.